Uwakilishi wa Mwanda Bungeni: Kiti, Jina na Hesabu ya Watu

Utangulizi

Katika orodha ya maeneo bunge 290 ya Kenya, jina la Mwanda halimo. Linapatikana daraja moja chini, katika orodha ya wadi, na hata huko halikusimama peke yake. Wadi yenyewe inaitwa Mwanda/Mgange, nayo ni mojawapo ya wadi nne za eneo bunge la Wundanyi, Kaunti ya Taita/Taveta. Wadi nyingine tatu ni Wundanyi/Mbale, Werugha na Wumingu/Kishushe. Mkaazi wa Mwanda, kwa hivyo, huingia katika Bunge la Taifa kwa mlango wa Wundanyi, na huingia katika Seneti kwa mlango wa kaunti nzima, pamoja na watu wa Voi, Mwatate na Taveta.

Makala haya yanachunguza namna watu wa milima ya Taita walivyowakilishwa katika mabaraza ya kutunga sheria tangu enzi ya ukoloni, na mahali pa Mwanda katika historia hiyo. Yamkini msomaji wa jarida la Kiswahili atauliza mada hii imefuata nini katika kurasa hizi. Jibu ni kwamba mgogoro ulioko katika uwakilishi wa bunge umejificha ndani ya maneno yenyewe. Tunasema "eneo bunge", na hapo tumetaja ardhi. Tunasema "mwakilishi" au "mjumbe", na hapo tumetaja watu waliomtuma. Je, kiti cha Wundanyi ni cha mahali au ni cha watu? Swali hili si la kinadharia tu, kwa kuwa kwa hesabu ya watu peke yake kiti hicho kimo hatarini.

Mji Uliofukiwa na Mchanga

Bunge la Kenya lilirithi mtindo wa Uingereza, na mgogoro wa mahali na watu ulikuwamo katika urithi huo. Mfano ulio wazi zaidi unatoka Ireland. Kabla ya mwaka 1801 nchi hiyo ilikuwa na bunge lake mjini Dublin, lenye wabunge 300. Kaunti 32 zilitoa wabunge wawili wawili, chuo kikuu kimoja kikatoa wawili, na waliobaki, 234, walitoka katika miji 117 iliyokuwa na haki ya zamani ya kupeleka wajumbe. Mingi ya miji hiyo ilikuwa midogo mno. Bannow, katika Kaunti ya Wexford, ulikuwa umefukiwa na mchanga wa bahari; hapakuwa na mji tena wa kuwakilishwa, na bado ulihesabiwa kuwa na wabunge wawili.

Muungano na Uingereza ulipoanza kutekelezwa mwaka 1801, Ireland ilibakishiwa viti 100 katika Bunge la London. Miji 84 ilipoteza uwakilishi wake kabisa. Linalostahili kuzingatiwa ni namna fidia ilivyolipwa: kila mji uliofutwa ulitengewa pauni 15,000, na fedha hizo zikaenda kwa matajiri waliokuwa wakiuhodhi uteuzi wa wabunge wa mji huo, kana kwamba kiti ni shamba lililotwaliwa na serikali. Mkaazi wa kawaida hakupata kitu. Miji kadhaa iliyosalimika wakati huo ilikuja kupoteza viti vyake mwaka 1885, safari hii kwa hoja ya uchache wa watu.

Ireland basi inatupa misiba miwili ya uwakilishi, na misiba hiyo inapingana. Katika Bannow kiti kilibaki ilhali watu hawapo. Mwaka 1885 watu walikuwapo, ila walionekana hawatoshi kuwa na kiti. Taita ni ya hali hii ya pili.

Sauti Kabla ya Kiti

Baraza la Kutunga Sheria la Kenya liliundwa mwaka 1907 bila Mwafrika hata mmoja. Kuanzia 1924 maslahi ya Waafrika yalisemewa na mmisionari Mzungu aliyeteuliwa na Gavana, na ni mwaka 1944 tu Eliud Mathu alipoingia akiwa Mwafrika wa kwanza. Ingekuwa kosa hata hivyo kudhani kwamba Taita ilikaa kimya muda wote huo. Mwaka 1939 kiliundwa Chama cha Milima ya Taita, ambacho miongoni mwa viongozi wake alikuwamo Woresha Mengo. Malalamiko yao yalihusu ardhi iliyotwaliwa kwa ajili ya walowezi na mashamba makubwa, na sera ya kuwapunguzia watu mifugo kwa nguvu. Mwezi Mei 1940 serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama hicho, sambamba na Chama Kikuu cha Wakikuyu na kile cha Waukambani. Wilaya ndogo ya milimani ilikuwa imetia hofu ya kiasi cha kuwekwa katika amri moja na jumuiya zilizoizidi mno kwa idadi.

Tukio hili lafaa kukumbukwa kila inapodaiwa kwamba uzito wa jamii katika siasa hupimwa kwa vichwa. Uzito wa Chama cha Milima ya Taita ulitokana na ukali wa dhuluma iliyolalamikiwa na ufasaha wa walioilalamikia.

Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika ulifanyika Machi 1957, kwa viti vinane nchi nzima. Pwani yote, Taita ikiwemo, ilipewa kimoja. Kilichukuliwa na Ronald Ngala, ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanapaswa kumjua pia kama mwandishi wa Nchi na Desturi za Wagiriama, kitabu kilichochapishwa mwaka 1949. Ngala hakuwa mgeni milimani. Kabla ya siasa aliwahi kuwa mwalimu mkuu huko Mbale, Taita. Hata hivyo mpiga kura wa mwaka huo hakuwa mtu yeyote tu mzima. Sharti awe na elimu, mali, kipato, utumishi au sifa nyingine zilizoorodheshwa, na aliyekuwa na sifa nyingi aliweza kupewa kura mbili au tatu. Mwalimu mwenye mshahara na shamba angeweza kumzidi jirani yake mara tatu katika chumba kimoja cha kupigia kura, na mzee asiyetimiza sharti lolote akabaki nje akitazama. Ubaguzi huo una undugu wa karibu na ule wa miji ya Ireland: kilichowakilishwa kilikuwa sifa na milki, na mtu alifuata nyuma.

Jimbo na Eneo Bunge

Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilileta mabunge mawili: Baraza la Wawakilishi lenye maeneo 117 na Seneti yenye maseneta 41. Vilevile iligawa nchi katika majimbo yenye mabaraza yake, na Taita ikawa katika Jimbo la Pwani. Ngala, akiwa kiongozi wa KADU, ndiye aliyekuwa mtetezi mkuu wa mfumo huo. Upande wa pili, Dawson Mwanyumba, mwana wa Taita, aliingia katika baraza la kwanza la mawaziri la Jomo Kenyatta akishughulikia ujenzi, mawasiliano na nguvu za umeme. Majimbo yalivunjwa ndani ya muda mfupi, na mwishoni mwa 1966 Seneti ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi, yakawa bunge moja lenye viti 158 vya kuchaguliwa.

Hapa ndipo neno linapotufaa kuliko takwimu. Tanzania Bara na Zanzibar, mahali panapochagua mbunge huitwa "jimbo", na hakuna anayeshtuka. Nchini Kenya neno hilo liliungua katika moto wa 1962 na 1963. Kusema "jimbo" kulikuwa ni kutaja mpango wa Ngala, na baadaye, hasa katika miaka ya 1990, kukawa ni kutaja vitisho vya kuwafukuza "wageni" katika baadhi ya sehemu. Kwa maoni ya makala haya, ni vigumu kueleza kuenea kwa tamko refu na lisilo na mvuto kama "eneo bunge" bila ya kuzingatia kasoro hiyo. Kenya ilihitaji jina la mahali lisilodai chochote. "Jimbo" lina mipaka, watu na hata heshima yake. "Eneo" ni kipande cha ardhi tu, na "bunge" linaeleza kimekatwa kwa matumizi gani.

Neno "mjumbe" nalo lina mkondo wake. Mjumbe ni mtu aliyetumwa. Anarudi kwa waliomtuma na kueleza aliyoyasikia. Hatua ya tarehe 4 Julai 1974, Kenyatta alipotangaza kwamba Kiswahili kitumike Bungeni, ilikuwa na maana kubwa kwa mjumbe wa namna hii. Hadi hapo mjadala ulikuwa kwa Kiingereza peke yake, na mtu asiyekijua hakuweza hata kugombea. Mbunge wa Taita alikuwa akizungumza Kidawida nyumbani, akiomba kura kwa Kiswahili sokoni, kisha akiwasemea wale wale kwa lugha ambayo wengi wao hawakuijua. Kufikia 1979 lugha zote mbili zilikuwa zimeruhusiwa, huku miswada ikiendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya 2010 imekwenda mbali zaidi: kifungu cha 120 kinazitaja Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge. Hata hivyo haki iliyoandikwa haijawa bado mazoea, na mswada unaohusu shamba la mkulima wa Mwanda aghalabu humfikia kwa tafsiri ya mtangazaji wa redio.

Kiti cha Wundanyi

Wundanyi ulikuwa makao makuu ya wilaya, na kiti chake kimetoa wabunge wa aina mbili zilizopokezana: wa serikali na wa upinzani mkali. Katika uchaguzi wa 1979 alipatikana Mwashengu wa Mwachofi. Alikuwa katika kundi la wabunge saba, wakiwemo James Orengo, Chelagat Mutai, Koigi wa Wamwere na Chibule wa Tsuma, ambalo Charles Njonjo alilibandika mwaka 1981 jina la kejeli la akina dada saba wenye ndevu. Wabunge hao walithubutu kuuliza maswali ya ardhi na ufisadi wakati ambapo chama kilikuwa kimoja na subira ya wakubwa ilikuwa fupi. Baadaye katika mwongo huo kiti kilikuwa cha Darius Mbela, aliyefikia kuwa Waziri wa Ardhi katika serikali ya Daniel arap Moi. Wakati huo huo jirani zao wa Voi walikwisha kuwa na Eliud Mwamunga, waziri wa miaka mingi.

Mwaka 2002, KANU iliposhindwa na wimbi la NARC likazoa karibu kila mahali, Wundanyi haikufuata upande wowote kati ya hizo mbili. Ilimchagua Mwandawiro Mghanga kwa tiketi ya Ford-People. Huyu alikuwa kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi katika miaka ya 1980, akafungwa, kisha akaishi uhamishoni Sweden. Ni vigumu kufikiri kwamba mtu mwenye msimamo wake wa kisoshalisti angalishinda katika eneo kubwa la mjini linalohitaji mamilioni ya kampeni. Thomas Mwadeghu wa ODM alikishika kiti mwaka 2007 na tena 2013, na Danson Mwashako wa Wiper akakitwaa 2017 na kukihifadhi 2022.

Tangu sheria ya Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge ya mwaka 2003, kiti kilipata pia thamani ya fedha. Robo tatu ya hazina iligawiwa maeneo yote sawasawa, na robo iliyobaki ikafuata kiwango cha umaskini. Kwa eneo lenye watu wachache, mgao ulio sawa ni neema: madarasa na karo za watoto wa Mwanda zilitoka katika fungu lililogawiwa watu wachache kuliko kwingineko. Si ajabu kwamba maeneo makubwa yalinung'unika. Mwezi Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya hazina hiyo inakiuka Katiba, lakini mazoea ya kukihesabu kiti kama mfereji wa fedha yalikuwa yameshaota mizizi.

Hesabu ya 2019

Kifungu cha 89 cha Katiba kinaweka kigezo. Idadi ya watu wote nchini hugawanywa kwa maeneo bunge 290, na kila eneo linatakiwa liukaribie wastani huo. Linaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 30, au asilimia 40 likiwa ni la jiji au lenye watu waliotawanyika. Kwa sensa ya 2019, iliyohesabu watu 47,564,296, wastani ni takriban 164,000. Kikomo cha chini ni takriban 114,800 kwa maeneo ya kawaida, na 98,400 kwa yale yenye nafuu.

Taita/Taveta ilihesabiwa watu 340,671: Voi 111,831, Taveta 91,222, Mwatate 81,659 na Wundanyi 55,959. Hakuna hata moja inayofikia kikomo cha kawaida, ingawa Voi imekikaribia kwa upungufu wa watu wapatao 3,000. Wundanyi ina theluthi moja tu ya wastani. Kaunti yote ikigawanywa kwa wastani huo inastahili viti viwili na chenji, na sasa ina vinne.

Vilibaki vinne kwa sababu Jedwali la Sita la Katiba liliagiza kwamba mapitio ya kwanza ya mipaka yasifute eneo lolote lililokuwapo mwaka 2010. Mapitio hayo yalikamilika Machi 2012, idadi ikapanda kutoka maeneo 210 hadi 290, na kinga ikatumika mara hiyo moja. Katiba inataka mapitio yarudiwe kati ya mwaka wa nane na wa kumi na mbili. Muda wa mwisho ulikuwa Machi 2024, nao ukapita tume ya uchaguzi ikiwa haina makamishna. Makamishna wapya walioapishwa Julai 2025 wamerithi kazi hiyo. Kwa maneno mengine, kilichoihifadhi Wundanyi tangu Machi 2024 ni kuchelewa, wala si sheria.

Ni haki kuueleza upande wa pili bila kuupunguza. Kura moja ya Wundanyi ina uzito wa kura tatu za eneo la wastani, na mpangaji wa vitongoji vya Nairobi ana sababu ya kuuliza kwa nini sauti yake ipimwe kwa mizani nyepesi. Aliyelaani kura tatu za mwaka 1957 hawezi kulipuuza swali hili. Tofauti iliyopo ni kwamba uzito wa 1957 ulitolewa kwa waliokuwa nacho, ilhali huu wa sasa umewaangukia watu wa mashamba madogo ya mteremko.

Aidha, sensa ina namna yake ya kumwona mtu. Inamhesabu alipolala usiku wa tarehe 24 Agosti 2019. Kijana wa Mwanda anayefanya kazi Voi au Mombasa alihesabiwa huko, ingawa aliko ni chumba cha kupanga na nyumbani ni milimani, ambako huenda amejiandikisha kupiga kura na ambako atazikwa. Zaidi ya hayo, hifadhi za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti, na watu hawawezi kuongezeka mahali walipokatazwa kuishi. Kaunti inapungukiwa na watu katika hesabu ya viti kwa sababu ile ile inayoingiza fedha za utalii katika hazina ya taifa. Wundanyi yenyewe haiwezi hata kudai nafuu ya asilimia 40 kwa urahisi, kwani milimani watu hawakutawanyika, wamebanana.

Linalobaki kuwa kimbilio ni kifungu hicho hicho cha 89, ambacho kinaitaka tume izingatie pia sura ya nchi, njia za mawasiliano, na uhusiano wa kihistoria, kiuchumi na kitamaduni. Hapo ndipo hoja ya Mwanda inapoweza kusimama, nayo itahitaji kuandikwa kwa ushahidi: barabara za milimani wakati wa mvua, tofauti za Kidawida kutoka mlima hadi mlima, na kumbukumbu ya 1940. Asilimia peke yake haitamwokoa mtu.

Mkwaju

Endapo Wundanyi itaunganishwa na jirani yake, jina jipya litatafutwa, na desturi ya kaunti hii katika kupatanisha majina inajulikana. Katika Jedwali la Kwanza la Katiba kaunti zenyewe mbili, Taita/Taveta na Elgeyo/Marakwet, zimeandikwa kwa mkwaju. Katika wadi 20 za Taita/Taveta, nne zina mkwaju, na tatu kati ya hizo nne ziko Wundanyi. Ya nne ni Wusi/Kishamba iliyoko Mwatate. Wanafunzi wa sarufi hufundishwa kwamba alama hii huonyesha "au". Katika majina haya imelazimishwa kumaanisha "na": hakuna anayekusudia kusema kwamba wadi ni Mwanda au Mgange. Alama inakiri kwamba palikuwa na jamaa wawili waliodai jina, na kwamba hakuna aliyekubali kumezwa.

Eneo bunge la Wundanyi/Mwatate, kwa mfano, lingekuwa na watu 137,618 kwa sensa ya 2019, na lingevuka kikomo bila shida. Jina la Mwanda lingekuwa limesogea daraja jingine mbali na Bunge, nyuma ya mkwaju wake mwenyewe ulio ndani ya mwingine. Na mbunge anayetaka kwenda kuwasikiliza watu wa Mwanda/Mgange angeanza safari akiwa na wadi tisa badala ya nne.